Chumba Kinapangwa

Jina la Chapuchapu hakupewa na wazazi wake, alipewa na mtaa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili ambaye hakujua kutembea. Alijua kukimbia tu. Akitumwa chumvi dukani, alirudi kabla maji hayajachemka, ingawa mara nyingine alirudi na sukari. Akioga, povu lilibaki nyuma ya masikio. Mwalimu wake alizoea kumwambia, "Wewe mtoto, majibu yako yanafika kabla ya maswali yangu."

Kila siku mambo yalikwenda vilevile. Anarudi shule, anautupa mkoba mlangoni, anamaliza kikombe cha maji kwa pumzi moja, anapita uani na kumwamkia bibi yake, "Shikamoo, Bibi!" Kabla Bibi hajamaliza kusema "Marahaba," yeye tayari yuko nje, wenzake wanakoruka kamba.

Bibi huyo alikuwa mama yake Baba, na siku nzima alishinda katika chumba kidogo cha uani akishona mifarishi. Mfarishi ni lile shuka zito la kujifunika linalounganishwa kwa vipande vya vitambaa, katikati likatiwa pamba, kisha likapigwa mishono huku na huku ili pamba isitembee. Watu walimletea mashati yaliyochanika kola, mapazia yaliyopauka, magauni yaliyowabana wenyewe. Bibi alivikata, akavipanga na kuvishona, na mtu akiuona mfarishi wake hakuamini kwamba pale katikati ndipo lilipo pazia lake la jikoni. "Kwa Bibi hakuna nguo inayokufa," watu walisema.

Shida ilikuwa hapo. Kwa kuwa hakuna nguo iliyokufa, hakuna nguo iliyotoka. Maboksi ya vitambaa yalikaa juu ya viti, na viti vilikaa juu ya maboksi mengine. Pamba ilikuwa kwenye magunia, na panya walishahamia humo na familia zao. Vifungo vilijaa kwenye makopo ya maziwa, zipu zilining'inia dirishani, na pini zilikuwa popote unapoweka mguu. Ili uifikie cherehani, ilibidi utembee kiubavubavu kama kaa. Bibi angeweza kuutafuta mkasi asubuhi nzima, kisha akagundua kwamba ameukalia.

Jumapili moja lundo la mapazia lilimwangukia. Baba na Mama walikimbia uani, wakamkuta amekaa chini, pazia limemfunika kichwa, anacheka.

"Msilie bado," alisema kutoka ndani ya pazia. "Hamjarithi kitu."

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka, maana aliona goti la Bibi limevimba.

Jioni hiyohiyo alipita kijana mmoja akibisha hodi nyumba kwa nyumba. "Samahani," aliuliza, "hapa hakuna chumba cha kupanga?"

Mama alikuwa anaanua nguo. Akamjibu kwa utani, "Chumba kipo, mwanangu, ila kina wapangaji tayari. Matambara ya mama mkwe wangu! Yakihama nitakuita."

Wote walicheka, na Bibi naye akacheka, ila yeye alichelewa kidogo kuanza.

Usiku wa siku hiyo Baba na Mama walishauriana. Baba alikuwa seremala. Akasema atatengeneza rafu za ukuta mzima na meza ya kukatia vitambaa yenye droo, na wiki haitaisha kabla hajamaliza. Mama naye akasema Jumamosi hatakwenda kazini, ili wote wasaidiane kukisafisha kile chumba.

Siku iliyofuata, Chapuchapu aliporudi shule, alimkuta Mama mlangoni anafunga viatu. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha mikate, zamu ya usiku. Aliondoka alasiri na kurudi alfajiri, akiwa na unga kwenye nyusi.

"Mwanangu, njoo hapa. Simama. Nimesema simama, sasa huo mguu unaenda wapi?"

"Nasikiliza, Mama."

"Bibi yako amejilaza, sitaki kumwamsha. Akiamka mwambie hivi: Jumamosi tutakipanga chumba chake cha kushonea. Baba yako anamtengenezea rafu na meza. Yeye asishike kitu, goti lipumzike. Halafu umwulize ni vitu gani anataka viwe karibu na mkono wake, na vipi viende juu. Atakachokujibu uniletee. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hebu rudia."

"Jumamosi, chumba, rafu, asishike, karibu, juu."

"Hapo umerudia au umetaja bei za mboga?" Mama aliuliza. Lakini alikuwa amechelewa. Alimshika shavu mwanawe, akaondoka.

Chapuchapu alikusudia kabisa kuufikisha ujumbe wote. Hebu tumtendee haki hapo. Ila Bibi alipoamka na kurudi kwenye cherehani yake, sauti za wenzake nje zilikuwa zimeshapanda. "Chapu! Zamu yako! Tunakupita!" Akaingiza kichwa tu chumbani kwa Bibi, miguu ikabaki nje.

"Bibi! Mama anasema Jumamosi chumba kinapangwa. Usishike kitu!"

Mguu wa Bibi ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. "Kinapangwa?"

"Ndiyo, Jumamosi!" Jibu hilo lilitoka barabarani.

Sasa, neno hili kupanga lina nyuso mbili. Kuna kupanga vitu, ukaweka kila kimoja mahali pake. Na kuna kupanga chumba, ukalipa kodi na kuhamia na godoro lako. Bibi alilisikia kwa sikio la pili. Alimkumbuka yule kijana, akakumbuka na jibu la Mama. Akaona kumbe ule haukuwa utani.

Asubuhi iliyofuata Mama alikuwa amerudi kutoka kazini na macho mekundu ya usingizi. Alimzuia binti yake aliyekuwa anakwenda shule.

"Bibi alisemaje?"

Hapo ndipo Chapuchapu alipokumbuka. Hakuwa ameuliza chochote. Angeweza kusema hivyohivyo: Mama, nilisahau, ngoja nikamwulize sasa hivi. Bibi alikuwa hatua chache kutoka pale. Lakini Mama angekunja uso, na Chapuchapu hakupenda kukunjiwa uso asubuhi.

"Amesema... vyovyote tu mtakavyoona."

"Vyovyote? Bibi yako huyuhuyu, ambaye hata kikombe cha chai huchagua?"

"Ndiyo, Mama. Vyovyote."

Ukiutazama kwa juu, ulikuwa uongo mdogo tu. Chapuchapu alipofika shuleni alikuwa ameshausahau.

Siku hiyo Mama na Bibi walikutana jikoni.

"Nimezipata habari za Jumamosi," Bibi alisema.

"Eeh, Mama. Tumeona tusichelewe tena. Chumba kizima kukaa vile ni hasara."

"Kweli. Na vitu vyangu, je?"

"Visivyo na kazi vitoke. Vyenye kazi tutavitafutia mahali. Wewe usijisumbue kabisa."

"Sawa, mwanangu. Mmefikiri vizuri."

Mama alikwenda kulala na moyo mweupe, akidhani amemfurahisha mama mkwe wake. Bibi alibaki amesimama na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika, maana hasira yake ilikuwa na sauti na watu wangeisikia. Yeye alijiambia kwamba nyumba ni ya mwanawe, kazi ya useremala ina siku za kushiba na siku za kufunga, na mtoto anasoma. Yeye na matambara yake walikuwa wamekaa vya kutosha. Kama chumba kile kitawapunguzia mzigo wanawe, basi kiende. Hata hivyo alikuwa na uchungu, na uchungu huo haukuwa wa chumba.

Alianza kutoa vitu. Hakungoja Jumamosi, wala hakutaka mtu amtolee. Kila Chapuchapu aliporudi shule, alikuta kuna kitu cha kupeleka mahali: gunia la pamba kwa jirani, kopo la vifungo kwa mwalimu wa chekechea, boksi la mapazia kwa mwenye banda la kuku. Chapuchapu alifurahi. Hii ndiyo kazi aliyoiweza, kubeba na kukimbia.

"Bibi, na hiki kitoke?"

"Kitoke."

"Na kile?"

"Nacho." Sauti ya Bibi ilikuwa ndogo. Mtu asiye na haraka angeigundua.

Kitu kimoja tu Bibi alikataa kukiachia. Kulikuwa na mfarishi wa buluu ambao haujaisha, aliokuwa anawashonea Baba na Mama, kwa kuwa Mama hurudi alfajiri akitetemeka kwa baridi. Vipande vya pindo lake alikuwa ameshavikata vyote na kuvitia kwenye mfuko.

"Huu nitaumalizia kitandani, kwa mkono," alisema. "Mifuko ni miwili hapo. Wenye fundo mpelekee fundi wa baiskeli, ni matambara ya kufutia grisi. Ule mwingine usiuguse."

Chapuchapu alisikia "fundi wa baiskeli." Akachukua mfuko uliokuwa karibu, akatoka mbio.

Mama aliona chumba kinazidi kuwa cheupe, akamnong'oneza Baba, "Mama ameamka kweli! Mimi nilidhani tutapigania kila kitambaa." Baba naye akarudi kwenye karakana yake kupiga randa mbao, anapiga mluzi.

Ilikuwa Ijumaa, kwenye kamba, jambo lilipofumuka. Rafiki mkubwa wa Chapuchapu aliitwa Kidoti, binti wa Fundi Miwani, mshonaji wa suruali mwenye kibanda barabarani. Kidoti alikuwa anazungusha kamba. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kesho mkokoteni unakuja kwenu kuchukua cherehani. Bibi yako anamwachia baba yangu."

"Cherehani gani?"

"Ana ngapi? Baba alikataa, akamwambia, Bibi, utakaa bila cherehani vipi? Bibi yako akasema chumba kimeshapata mpangaji."

"Mpangaji? Hatuna mpangaji sisi!"

"Kwani wewe huishi kwenu? Lisemwalo lipo. Yule kijana aliyekuwa anauliza vyumba, si ndiye mliyempa?"

Kamba ilimpiga Chapuchapu miguuni, naye hakuiona. Aliyasikia maneno yake mwenyewe, kama yanasemwa na mtu mwingine: Jumamosi chumba kinapangwa, usishike kitu. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, wenzake walimwona Chapuchapu anaondoka kwa kutembea.

Alimkuta Bibi anaifuta cherehani kwa kitambaa kikavu, kuanzia juu mpaka kwenye gurudumu. Chumba kilikuwa kimefagiwa. Ukuta wa nyuma, ambao Chapuchapu hakuwahi kuuona maisha yake yote, ulikuwa wa kijani.

"Bibi, kwa nini unaitoa cherehani?"

"Mpangaji atalala juu yake?"

Chapuchapu alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari: Bibi, hakuna mpangaji, ni mimi. Lakini nyuma ya maneno hayo aliuona uso wa Mama ukiuliza, "Na lile vyovyote, lilitoka wapi?" Akaufunga mdomo.

"Labda hatakuja," alisema.

"Aje asije, neno limeshasemwa." Bibi alimtazama, akamshika bega. "Usihuzunike, mjukuu wangu. Mtu akizeeka vitu hupungua. Hata meno."

Bibi alicheka, na kicheko hicho kilimwumiza Chapuchapu kuliko kama angelia. Jioni hiyo chakula hakikushuka. Mama alikuwa kazini, Baba alikuwa karakana anapaka rafu vanishi. Chapuchapu alijiambia kwamba atasema kesho.

Kesho ilifika na mkokoteni ukafika nayo. Mama alikuwa ndiyo kwanza amerudi, yuko bafuni anatoa unga. Fundi Miwani alikuja na mwenye mkokoteni, mzee mmoja mwenye mabega mapana, wakaingia uani. Bibi alikuwa amevaa gauni lake zuri, kama mtu anayesindikiza mgeni. Wanaume wawili walishika cherehani huku na huku, wakaitoa chumbani, wakaipitisha mlango wa uani. Chuma kilikwaruza kizingiti. Bibi aligeuka akatazama upande mwingine.

Hapo Chapuchapu alikimbia, na safari hii hakuna aliyemwambia asikimbie. Alisimama mbele ya mkokoteni akatanua mikono.

"Iacheni! Tafadhali iacheni! Hakuna mpangaji!"

"Chapu, toka njiani, itakuangukia," Fundi Miwani alisema.

"Hakuna mpangaji! Ni mimi niliyesema vibaya!"

Mama alitoka bafuni na taulo kichwani. Wakati huohuo Baba alitokea barabarani na kijana wake wa kazi, wamebeba rafu begani. Wote wakasimama, hawa na rafu, wale na cherehani, mtoto katikati analia.

"Mpangaji gani?" Mama aliuliza. "Cherehani inakwenda wapi?"

"Nampisha mpangaji wenu," Bibi alijibu kwa upole. "Si mlisema leo chumba kinapangwa?"

"Kinapangwa, ndiyo! Tunakipanga! Vitambaa kwenye rafu!"

Baba alizitazama rafu begani mwake kana kwamba nazo zitasema kitu. Ndipo Chapuchapu akayatoa yote, kwa kwikwi, bila kuruka neno. Mama alimtuma maneno mengi, yeye akayafikisha nusu akiwa mlangoni. Hakutaja rafu. Hakumwuliza Bibi anataka nini karibu na mkono wake. Na Mama alipotaka jibu, alilitunga.

"Bibi hakusema vyovyote," alisema. "Mimi ndiye niliyesema. Na jana nilijua, nikaogopa."

Mama alimwacha palepale, akamwendea Bibi, akapiga magoti mbele yake na taulo lake kichwani. "Mama! Wiki nzima umekaa humu ukidhani tunakitoa chumba chako kwa mtu baki?"

"Sikuwalaumu. Nilidhani mna shida mnaona haya kuniambia," Bibi alisema. "Chumba hakikuniuma. Kilichoniuma ni kuambiwa na mtu anayepita mlangoni, kama ninavyoambiwa mvua imeanza."

Mama alilia waziwazi. "Nisamehe na ule utani wangu wa matambara. Ulinitoka tu. Na jambo kama hili nilipaswa kuja kukwambia mwenyewe, hata kama kiwanda kingenifungia geti."

"Nami nina mdomo," Bibi alisema, akimfuta machozi kwa upindo wa gauni lake zuri. "Kuuliza si ujinga. Niliogopa kuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Kumbe huyu mtoto uoga amerithi kwangu."

Mwenye mkokoteni alikohoa. "Samahani, jamani. Sasa hii napakia au napakua?"

Hapo hata Bibi alicheka, na cherehani ikarudi ndani.

Baba hakumchapa Chapuchapu, wala hakumpigia kelele. Alimwambia, "Kuna swali ulitumwa ukalibeba wiki nzima bila kulifikisha. Leo utamwuliza Bibi kwa kila kitu kitakachoingia chumba hiki. Utashika kitu, utauliza, utangoja. Asipojibu upesi, utaendelea kungoja."

Kwanza Chapuchapu alitembea mtaani kurudisha vilivyotolewa, na kila mlango alieleza mwenyewe kilichotokea. Ilikuwa safari ndefu ya aibu. Mwalimu wa chekechea alirudisha kopo la vifungo likiwa nusu, kwa kuwa vingine vilishakuwa macho ya wanasesere. Mapazia yalikuwa yameshatandikiwa vifaranga, na Bibi akasema yakae hukohuko.

Kisha kazi ikaanza. Baba alifunga rafu ukutani. Chapuchapu alishika kitambaa cha kwanza.

"Bibi, hiki kikae wapi?"

"Kivute kwa mikono miwili."

Alikivuta, kikachanika kama karatasi.

"Basi hicho kimeoza. Kitambaa kinachochanika mkononi hakiwezi kumfunika mtu. Kipeleke kwenye gunia la kutupa. Kinachofuata."

Wakaenda hivyo, kitambaa kwa kitambaa. Kama angeachiwa peke yake, Chapuchapu angepanga kwa rangi, nyekundu na nyekundu, njano na njano, ikapendeza, ikaisha upesi. Bibi alikataa. Vitambaa vizito vya mapazia na suruali vilikaa chini, vyepesi juu, kwa sababu ukishona kizito na chepesi pamoja, kizito humla mwenzake. Vipande vilivyokatwa vilipangwa kwa ukubwa. "Rangi jicho langu litaiona lenyewe hata kwa mbali," Bibi alieleza, "lakini kipimo hakionekani mpaka ukishike."

Pamba ilihamia kwenye ndoo zenye vifuniko, na panya wakahama bila kuaga. Vifungo vikaingia kwenye chupa za kioo, unaviona kwa nje. Mkasi, chaki, futi ya kupimia na nyuzi vikakaa kwenye droo ya juu upande wa kulia, na hakuna hata mmoja wa familia aliyekuwa anajua kwamba Bibi huvuta vitu kwa mkono wa kulia na kukata kwa wa kushoto. Kama wangepanga vyovyote, wangekosea.

Bibi aling'ang'ania vitu vichache. "Hiyo pasi itapona," alisema.

"Mama," Baba alisema, "hiyo pasi ilikufa kabla sijaoa. Tumzike."

"Mzikeni. Ila waya wake niachieni."

Alasiri chumba kilikuwa na nafasi ya kutosha watu wote wanne kusimama bila kukanyagana. Bibi aliutandika mfarishi wa buluu juu ya meza mpya. "Sasa niletee vipande vya pindo. Uko wapi ule mfuko?"

Walitafuta. Kwenye kona kulikuwa na mfuko mmoja tu, na ulikuwa na fundo.

Chapuchapu aliutazama ule mfuko. "Bibi," alisema, na safari hii hakungoja kesho, "nilimpelekea fundi wa baiskeli ule mwingine."

Alikwenda na kurudi. Fundi wa baiskeli alikuwa mtu mwema, alikusanya vyote alivyoweza, lakini vilishafuta minyororo ya wiki nzima. Vilikuwa vyeusi na vinateleza. Mama alijaribu sabuni, akajaribu mafuta ya taa, akajaribu maji ya moto. Grisi ilitabasamu tu.

Baada ya kuviweka chini, Bibi alimwita Chapuchapu, akamkalisha kwenye kiti kando ya meza. Baba na Mama walikuwa mlangoni.

"Umekasirika, Bibi?"

"Nimechoka, lakini nimefurahi. Mtu anaweza kuwa vyote viwili." Bibi alikunjua kitambaa kimoja cha kahawia kutoka kwenye rafu ya chini. "Pindo la mfarishi huu halitakuwa la buluu tena. Litakuwa la rangi hii, na utalishona wewe, kila ukirudi shule, mpaka liishe. Mama yako akijifunika, atakuwa amefunikwa na kosa lako na kazi yako pamoja. Umenielewa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa nisikilize. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na leo umepona kwa sababu ya methali hiyo. Lakini na mjumbe naye asiuue ujumbe. Neno ulilotumwa si lako. Ni la aliyekutuma na la anayelingoja, wewe ni miguu yake tu. Ukilikata njiani ili liwe jepesi, kile kipande ulichokitupa ndicho huenda kilikuwa na maana yote. Na kama hukuuliza, sema sikuuliza. Aibu yake ni ya kitambo kidogo. Ile ya kutunga jibu imetugharimu wiki nzima ya kutoelewana, watu wazima watatu na mtoto mmoja, ndani ya nyumba moja."

"Nisamehe, Bibi."

"Nilikusamehe uliposimama mbele ya mkokoteni. Ulikuwa unaogopa, na bado ulisema. Haya, shika chaki."

Chapuchapu alilaza futi juu ya kitambaa cha kahawia, akapima, akachora mstari. Akamwuliza Bibi kama kipimo ni sawa. Bibi aliinama, akatazama upande huu, akatazama upande ule, hakuwa na haraka yoyote. Mtoto alingoja jibu, mkasi mkononi, na aliposikia "Sawa," ndipo akakata.